Namba Zinashuka Ukirudi Nyumbani

Vitry, 8 Aprili 1981

Mwanangu Yolande,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kile kikohozi ulichokuwa nacho siku ya mazishi kimekwisha. Nilikisikia kutoka mbali, maana ulisimama kwenye geti la makaburi, na watu walipoingia kunywa kahawa ya msiba wewe ulikuwa umeshaondoka. Sikulaumu. Nilikuwekea mkate mmoja wa zabibu, halafu baba yako mkubwa Achiel akaula.

Nimerudi Ufaransa kulichukua tishari letu, Elvira. Tangu Februari, baba yako alipoanguka hapa na gari la wagonjwa likamtoa sitahani, Elvira limekaa limefungwa gatini peke yake. Niliogopa kuingia, lakini niliingia. Kofia yake ilikuwa bado imetundikwa kwenye usukani. Saa ya ukutani ilikuwa imesimama, si kwa ajabu yoyote. Ni kwamba yeye ndiye aliyekuwa akiitia ufunguo kila Jumapili.

Tishari linakwenda kuvunjwa, huko chini ya Temse. Wanalitaka Ijumaa tarehe 8 Mei. Limezeeka, nami nimezeeka, na wewe huna haja nalo. Achiel amekuja kunisaidia kulirudisha. Yeye anashika usukani, mimi nashika kamba, na tunagombana tangu asubuhi. Jana nilichelewa kufunga fundo, akaniambia, “Shemeji, hiyo kamba si soksi, huhitaji kuifuma.”

Nina ombi moja tu. Alhamisi tarehe 7 Mei saa nne asubuhi tutapita lango la maji la Merelbeke, la mwisho kabla ya mto wa kwetu. Panda pale. Ni saa chache tu mpaka nyumbani, Baasrode. Hujakanyaga chombo hiki tangu ulipokuwa na miaka minane, na kikishakatwa vipande hutaweza tena. Sijui tulikukosea nini. Nimejiuliza miaka ishirini na mitano, na baba yako amekufa anajiuliza.

Nijibu kwa mlinzi wa lango la Condé, kama zamani. Andika jina la tishari tu, atanitunzia.

Mama yako,
Godelieve


Gent, 13 Aprili 1981

Mama,

Nashukuru kwa mkate wa zabibu.

Sina mazoea ya barua ndefu. Kiwandani naandika zile za “tumepokea ombi lenu” na basi. Lakini umeuliza mlinikosea nini, na ni mara ya kwanza umeniuliza, kwa hiyo nitakujibu.

Nilipokuwa bwenini kwa masista, pamoja na watoto wengine wa matishari, barua zako zilifika kila Jumatano. Mwandiko wako umelala kulia, na mwisho umeandika “Mama na Baba”. Hizo sina neno nazo. Lakini zilikuja na nyingine. Ninazo mpaka leo, kumi na tisa. Ni vipande vya karatasi ya kijivu, vimeandikwa Kifaransa, lugha ambayo baba aliitumia kwa walinzi wa malango na kwa kutukana tu. Sista ndiye aliyenisomea. Ya kwanza kabisa inasema “mimi baba yako”. Baba, ambaye hakuwahi kukaa darasani hata siku moja, na sahihi yake ilikuwa mchoro wa nanga! Wala miandiko haifanani. Mmoja ni wa duara kama mayai, mwingine kama uzio ulioanguka kwa upepo. Nyingine zinaanza katikati, nyingine zinakatika kama mtu aliyeitwa mlangoni. Juu kuna namba, 19, 7, 20, bila mpangilio wowote.

Mwanzoni nilizipenda. Nilizilalia chini ya mto. Kisha Desemba ya mwaka 1955 ikaja moja yenye maneno haya, na ndiyo yote:

“nisingetaka uwe hapa chomboni. Lakini siku nyingine zote”

Basi. Hata nukta hakuna. Krismasi ile mlikuja Gent kunichukua, nikamwambia Sista nakwenda kwa shangazi. Na kila likizo baada ya hapo.

Nani aliziandika, mama? Kama si baba, basi mtu alinidanganya utoto wangu wote, na nadhani ulimwomba wewe. Kama ni baba, basi hakunitaka. Nichagulie mwenyewe. Mpaka nijue, sitapanda.

Yolande


Condé, Ijumaa Kuu, 17 Aprili 1981

Mwanangu Yolande,

Barua yako nimeisoma nimesimama, halafu nimekaa juu ya ndoo nikaisoma tena. Achiel akaniuliza, “Kuna mtu kafa?” Nikamwambia, “Bado sijui.”

Mimi sikuandika. Sikumwomba mtu. Sikujua kama zipo. Nikiapa hutaniamini zaidi, kwa hiyo siapi.

Ile Krismasi naikumbuka. Baba yako alitia chupa ya maji ya moto kitandani mwako tangu saa tisa mchana, katika chumba kile cha omo, mbele ya chombo, ili ukute pana joto. Ulipokataa kuja, alikwenda akaitoa, akayamwaga maji mtoni, akasema, “Mwache. Ameshakuwa mtu wa nchi kavu.” Hatukulizungumza tena. Sisi ndivyo tulivyokuwa. Jambo likiuma tuliliwekea kifuniko kama ngama, tumbo la shehena.

Sasa nami nataka kujua kama wewe. Mlinzi wa hapa ni mgeni, hana habari. Lakini tangu asubuhi kuna jambo dogo linanizunguka kichwani, nikuambie ulione.

Zamani, kila tulipoingia kwenye lango, baba yako alipanda juu kumsaidia mlinzi kufunga milango. Mimi nilibaki chini na kamba, kati ya kuta mbili zenye mwani, sioni kitu ila mbingu. Maji yakijaa chombo kinapanda polepole, robo saa hivi, mpaka macho yangu yanafika usawa wa nyasi. Na kila mara jambo la kwanza nililoliona lilikuwa baba yako akitoka nyumbani kwa mlinzi. Nilidhani anakunywa kahawa. Lakini akirudi chomboni ananiomba kahawa! Nilimwambia, “Si umeshakunywa kwa yule mama?” Akasema, “Ya kwake maji matupu.” Malango mangapi hayo, Yolande, na yote kahawa yake maji matupu?

Kesho tunaanza kupanda. Siku ya Pasaka malango yanafungwa, kwa hiyo tutalala kwenye lango la ishirini. Nasikia mlinzi wa zamani bado anaishi pale na mwanawe. Nitamwuliza.

Mama yako,
Godelieve


Lango la 20, Jumapili ya Pasaka, 19 Aprili 1981

Binti Yolande,

Hunijui. Jina langu Solange Crépin, nina miaka sabini na miwili, na lango hili nimelifungua na kulifunga miaka thelathini na minne. Mama yako amekaa hapa jikoni kwangu anamenya viazi vyangu bila kuombwa. Nimemwambia atulie, hatulii. Kasema nikuandikie mwenyewe, maana yakitoka mkononi mwake hutayasadiki.

Ule mwandiko wa mayai ni wangu. Utazame huu.

Baba yako, bwana Odilon, alikuja jikoni mara ya kwanza mwaka wa hamsini na nne. Kavua kofia, anaikunja kama anakamua nguo. Nikasema, “Kahawa?” Akasema, “Hapana mama, maji yanajaa. Una kalamu?” Hivyo tu. Nikachukua karatasi ya idara ya mfereji, ile ya kuandikia vyombo vinavyopita, tayari imepigwa namba ya lango juu. Ndiyo namba uliyoiona. Si namba ya barua, ni namba ya nyumba yangu.

Alisema haraka haraka, mimi naandika, macho yake yako dirishani yanaangalia maji. Maji yakifika juu anasema “basi” hata kama neno liko nusu mdomoni, anakimbia. Nilimkemea. “Malizia basi sentensi, wewe mtu!” Akasema, “Nitamalizia lango lijalo.” Na kweli. Dada yangu Marthe alikuwa lango la 19, naye aliniambia, “Yule Mbelgiji wako kaja, kaanza kusema kutoka katikati kama redio iliyowashwa.” Marthe ndiye ule uzio ulioanguka. Mungu amrehemu, mwandiko ulikuwa umemshinda. Lango la 18 alikuwako bwana mmoja mvivu, barua aliitia mfukoni mwa koti na kuisahau mpaka koti lifuliwe. Kila mmoja aliposti kwa siku yake.

Nilimwuliza kwa nini asimwombe mkewe, naye amesoma. Unajua alijibu nini? “Mke wangu ndiye aliyeamua mtoto asome asije akawa kama mimi. Alifanya vizuri. Lakini kila jioni analia juu ya viazi, anadhani sioni. Nikianza na mimi, mama, tutageuza tishari tukamchukue.”

Nimemsomea mama yako maneno haya sasa hivi. Ameacha kumenya.

Maneno ya ile barua yako siyakumbuki. Vimeshapita vyombo vingi tangu hapo. Lakini alisema yeye, kwa mdomo wake, na hatukumwongezea hata koma.

Solange Crépin


Gent, 24 Aprili 1981
(kwa mlinzi wa lango la Chauny, tishari Elvira)

Mama,

Mwandiko ni ule ule. Nimeuweka karibu na za zamani chini ya taa ya kiwandani, na mwenzangu Paula, anayekagua hundi, akasema, “Ni mkono mmoja huo, ila umezeeka.” Kwa hiyo nimejibiwa. Yalikuwa maneno ya baba.

Unadhani nimefurahi? Zamani nilikuwa na tumaini kwamba labda ni uongo wa mtu.

Nimefanya kama bibi huyo alivyosema, nimeunganisha malango. Nimepanga 18, 19, 20, kama mtu mwenye akili anavyohesabu. Soma mwenyewe.

18: “nageuka kuita wakati wa kutupa kamba, na hakuna mtu. Mama anadhani shingo inaniuma. Ananipaka dawa, nanyamaza. Maji yamejaa.”

19: “nisingetaka uwe hapa chomboni. Lakini siku nyingine zote”

20: “Mvua ya barafu, leo siku ya nne. Kamba zimekuwa ngumu kama kuni. Mikono ya mama yako imepasuka, na hasemi. Nasikia darasani mna jiko la makaa. Siku kama ya leo”

Kamba, shingo, hataki niwepo, mvua. Ndiyo barua ya baba kwa mtoto wa miaka minane. Nimeirudisha kwenye bahasha yake. Fikisha tishari salama, mama, na umsalimu baba mkubwa. Kiwanda kinanihitaji Alhamisi ile.

Yolande


Chauny, 28 Aprili 1981

Mwanangu,

Usiirudishe. Itoe tena.

Wewe umehesabu kama watu wa nchi kavu wanavyohesabu nyumba za mtaani, kuanzia ndogo kwenda kubwa. Kosa si lako, ni letu. Hukukaa chomboni muda wa kutosha kujua. Mfereji ule lango la kwanza liko upande wetu, upande wa kaskazini, na la ishirini na nne liko Condé. Mtu anayetoka kwetu namba zinapanda. Mtu anayerudi, zinashuka. Na Desemba ile tulikuwa tunarudi, tumepakia ngano ya kiwanda cha unga cha Gent, tunakimbilia Krismasi, tuje tukuchukue.

Kwa hiyo alianza kwa Solange, akaendelea kwa Marthe, akamalizia kwa yule mvivu. Panga kama watu wanaorudi nyumbani. Sitakuandikia hapa ikoje. Ni barua yako, isome mwenyewe.

Ila nina la kwangu. Ile shingo. Majira yale yote ya baridi nilimpaka dawa ya kafuri, asubuhi na jioni, mpaka shuka zetu zikanuka kama duka la dawa. Nilimwona kila tukifika langoni anageuza kichwa kuelekea chumba cha omo, ghafla, kisha anakirudisha. Nilisema, “Odilon, shingo hiyo utaenda nayo kwa daktari.” Akasema, “Itapoa yenyewe.” Akainama nimpake. Miezi minne nilimsugua mtu mzima asiyeumwa, naye akaniacha nimsugue.

Mimi ndiye niliyekupeleka bwenini. Ningekupeleka tena, maana nilimwona baba yako akishika gazeti juu chini ili watu wasijue. Lakini ningekuuliza mapema ulipokataa kupanda. Nilikuwa na kalamu na nilikuwa na stempu. Sikuwa na ujasiri.

Kesho tunaingia mfereji wa Saint-Quentin, kwenye handaki refu ambako tunazima injini na kuvutwa gizani pamoja na vyombo vingine. Achiel anasema mle ndani nisiongee, eti naongea peke yangu siku hizi na yeye hajui lini anatakiwa kujibu. Ukiandika, andika kwa lango la Doornik.

Mama yako,
Godelieve


Gent, Jumamosi 2 Mei 1981

Mama,

Nimezipanga mezani jikoni. Ishirini, kumi na tisa, kumi na nane. Nimezisoma kwa sauti, kwa Kifaransa kile chake kibaya, halafu nimezisoma kwa lugha yetu, ili nimsikie.

“Mvua ya barafu, leo siku ya nne. Kamba zimekuwa ngumu kama kuni. Mikono ya mama yako imepasuka, na hasemi. Nasikia darasani mna jiko la makaa. Siku kama ya leo nisingetaka uwe hapa chomboni. Lakini siku nyingine zote nageuka kuita wakati wa kutupa kamba, na hakuna mtu. Mama anadhani shingo inaniuma. Ananipaka dawa, nanyamaza. Maji yamejaa.”

Nilikuwa na vipande vyote vitatu. Tangu Januari ya mwaka 1956, mama, vyote vitatu, ndani ya sanduku moja.

Sikuja kumwona alipougua. Ulinipigia simu kutoka hospitali nikasema kuna kazi nyingi. Najua unalikumbuka hilo na hukuliandika.

Sijui kuhusu Alhamisi. Naweza kuomba ruhusa, si hilo. Ni kwamba nikikifikiria kile chumba cha omo miguu inakataa. Msinisubiri langoni. Maji ya mto hujaa na kupwa kwa saa zake, na baba mkubwa atanung'unika.

Yolande


Baasrode, Jumamosi 9 Mei 1981

Mpendwa Solange,

Uliniambia nisiache kukuarifu yaliyotokea, na kwamba ukikosa barua utakuja mwenyewe kwa baiskeli. Kwa umri wako nimeona nikuwahi.

Elvira limekwenda jana. Sikuangalia wakilivuta. Nilikuwa jikoni kwa jirani, natafuta sufuria yangu ndani ya makasha.

Alhamisi tulifika Merelbeke saa nne kamili. Lile si lango kama lako, Solange, ni kubwa, linachukua vyombo sita kwa pamoja, na mlinzi yuko juu kwenye kibanda cha vioo, humfikii kwa kalamu wala kwa kahawa. Tuliingia mwisho, tukafunga nyuma ya tishari la mchanga. Niliangalia ukingoni. Hakuna mtu. Nilimwambia Achiel nina tatizo na kamba. Akasema, “Kamba ina nini?” Nikasema imejikunja. Akaitazama, imenyooka kama fimbo ya padri. Kanitazama mimi. Kisha mzee yule, aliyeninung'unikia kutoka Vitry mpaka Gent, akafunua kifuniko cha injini akaanza kupiga chuma kwa nyundo. Akapaza sauti kwa wale wa kibandani, “Dakika tano! Injini inakohoa!” Injini ilikuwa nzima kabisa.

Wenye tishari la mchanga wakapiga honi. Mwingine akauliza kama tumekuja kuoga. Dakika tano zikaisha, zikaja nyingine tano, kisha kipaza sauti kikasema inatosha, na milango ikafungwa nyuma yetu. Kule kwako chombo kinapanda. Pale kinashuka. Tukaanza kuzama polepole kati ya kuta, nami nikaona nyasi zinapanda, zinapita macho yangu, zinakwenda. Nikajiambia, Godelieve, umejibiwa.

Achiel ndiye aliyemwona kwanza, maana ni mrefu. “Shemeji,” kasema, “kuna mwanamke anakimbia kule juu kama kaibiwa mkoba.”

Alikuwa na gauni la kazini na viatu mkononi. Tulikuwa tumeshashuka zaidi ya kimo cha mtu. Kipaza sauti kikamwambia arudi nyuma, ni marufuku. Yeye akakaa ukingoni, akatupa viatu vyake sitahani, kimoja kikaingia majini, akageuka akaanza kushuka ile ngazi ya chuma ya ukutani, yenye mwani na utelezi, mgongo kwetu, gauni limeshika tope mpaka kiunoni.

Nilikimbilia omo na mikono juu. Nikamwambia ashike kwa nguvu, nikamwambia asitazame chini, nikamwambia atangulize mguu wa kushoto maana sitaha ina unyevu.

Hakugeuka hata kichwa. Alisema, “Mama, nyamaza. Mimi nimezaliwa humu.”

Akashuka kwa mguu wa kulia.

Wako,
Godelieve